Picha za Tshibumba na jina la "Mukasai"

Katika miaka ya 1970 nyumba nyingi za kwetu Katanga zilikuwa na picha ya "Colonie belge" ukutani: mfungwa amelala chini, askari mweusi anamupiga fimbo, Mzungu anatazama. Mchoraji wake anayejulikana kupita wengine ni Tshibumba Kanda Matulu. Mu 1973 na 1974 alichora historia ya inchi yote, picha karibu 100, akizieleza kwa Kiswahili chetu.

Tukiangalia muzuri, yule mfungwa hana kabila. Huwezi kusema huyu Lunda, huyu Mukasai. Fimbo ni moja.

Lakini sisi, toka Nzilo mupaka Likasi, tunagawanya kwa mdomo: Mukasai njo mujanja wa biro, Mukatanga njo mupole. Hayo hayatoki mu damu. Union Minière ilileta wafanyakazi wa Kasai tangu miaka ya 1920, na kazi waliyopewa ikageuka "tabia" yao. Mu 1992 na 1993 waliitwa bilulu, wakafukuzwa Likasi na Kolwezi. Wengi walilala ku gari wakingoja treni.

Tshibumba naye ana kosa: askari na Mzungu wake ni sura tu, hawana roho. Alichora aina za watu, kama sisi tunavyosema aina za watu.

Hata hivyo, yeye alizaliwa Élisabethville mu 1947, mwana wa Baluba ba Kasai. Tunapotundika picha zake tukisema "mila yetu", tukumbuke ni mikono ya nani iliyotuchorea.