Comala, mji ambamo kilio hakikwisha

Ndugu msomaji, katika kijitabu chetu tumezoea kuandika juu ya mahari, majina ya watoto, namna ya kupokea mgeni na vilio vya kwetu. Mara hii naomba ruhusa ya kuleta kitabu kilichotoka mbali, huko Mexico. Ni riwaya, romani kama tunavyosema kila siku, na jina lake ni Pedro Páramo. Aliyeiandika ni Juan Rulfo, na ilitoka mwaka wa 1955. Najua kuna mtu ataniuliza: "Mwalimu, Mexico iko na maneno gani na mila yetu?" Ngoja kwanza. Kitabu hiki ni kilio toka mwanzo mpaka mwisho, na mimi sijapata bado kingine kinachoonyesha vizuri hivi jambo linalofikia mji ambao wafu wake walisindikizwa vibaya.

Habari inaanza hivi. Mama mmoja, Dolores, anakufa. Mbele ya kukata roho anamwagiza mtoto wake, Juan Preciado, aende Comala kumtafuta baba yake, Pedro Páramo, ambaye mtoto hamjui. Na si kwenda kuomba. Ni kwenda kudai kile baba alichopaswa kuwapa na hakuwapa. Mtoto anashika mikono ya mama na kuahidi. Moyoni hakukusudia kutimiza, mwandishi hafichi jambo hilo. Lakini kwetu kila mtu anajua kwamba neno la mtu anayekufa halitupwi kama maganda ya muhogo. Neno linamfuata, linamjaa katika ndoto, mpaka anafunga safari. Mfukoni anachukua picha ya mama yake, picha iliyotobolewa-tobolewa kama kwa sindano, na tundu moja kubwa zaidi fasi ya moyo.

Njiani, katika joto la mwezi wa nane, anakutana na mtu anayeongoza punda, jina lake Abundio. Wanashuka pamoja. Huyu mtu anamwambia bila haraka kwamba yeye pia ni mtoto wa Pedro Páramo. Kisha, wakiwa karibu na nyumba za kwanza, anamwambia kwamba Pedro Páramo alikufa miaka mingi iliyopita. Basi yule aliyetumwa kudai anafika kwa mdeni aliyekwisha kufa. Nani atalipa sasa?

Mji wenyewe ni kimya. Majani yameota katika nyumba, hakuna mtoto anayecheza. Juan anaelekezwa kwa mama mmoja, Eduviges, naye anampokea vizuri: alikuwa anamngojea, juu mama yake Juan alimpa habari siku ile ile. Mama aliyekwisha kuzikwa! Na alipotaja mwenye punda aliyemwonyesha njia, Eduviges anashangaa. Abundio aliyemjua yeye alipoteza masikio siku baruti ilipopasuka karibu na kichwa chake. Huyu wa Juan alikuwa anasikia vizuri. Basi si yeye. Na tena, Abundio alikwisha kufa.

Ukifika hapo, msomaji, unaacha kukaa vizuri kwenye kiti. Rulfo hapigi kelele, haleti damu wala shetani mwenye pembe. Anaweka paka neno moja dogo katika mazungumzo ya kawaida, na ardhi inatoka chini ya miguu yako. Kutoka hapo kila mtu anayekuja mbele ya Juan unamtazama kwa mashaka: je, huyu ni mzima? Usiku anasikia mtu akilia katika chumba alicholala, na baadaye anaambiwa kwamba humo alinyongwa mtu mmoja, Toribio Aldrete, juu ya mpaka wa shamba. Anatoka na mama mwingine, Damiana, wanatembea barabarani, mpaka Juan anapata ujasiri wa kumwuliza kama yeye ni mzima. Hapana jibu. Amebaki peke yake katika njia tupu.

Nililikopesha buku langu kwa kijana mmoja anayefundisha. Alilirudisha kisha siku tatu. "Papa, nilipotea," aliniambia. "Sijui nani anasema, sijui ni jana ao ni leo." Hana kosa. Riwaya imekatwa vipande vipande, haina sura zenye namba, na mwandishi anaruka kutoka wakati wa Juan mpaka utoto wa Pedro Páramo bila kupiga hodi. Hiyo ni sifa yake na ni shida yake vilevile. Mimi mwenyewe, niliyeisoma kwa Kifaransa, nilihitaji mara mbili ili kujua nani ni nani. Kuna kurasa, zaidi zile za wapiganaji wanaokuja kwa Pedro Páramo wakati wa vita ya mapinduzi iliyoanza mwaka wa 1910, ambamo majina yanapita haraka mno na msomaji wa mbali anabaki mikono mitupu. Lakini kitabu ni chembamba, na kurudi mwanzo si kazi kubwa.

Wataalamu wengi wa Ulaya na Amerika wanaposifu kitabu hiki wanasifu zaidi ajabu yake: wafu wanasema! Inajulikana kwamba Gabriel García Márquez, alipokipata huko Mexico mwaka wa 1961, alikisoma mara mbili usiku ule ule. Mimi nasifu pamoja nao, lakini sioni ajabu fasi wanayoiona wao. Kwetu mfu anayesema si jambo la kustaajabisha. Nkambo anakuja katika ndoto kuuliza juu ya nini jina lake halijapewa mtoto, na asubuhi familia inakaa chini kuzungumza. Mfu anasema, anajibiwa, anatulia. Ajabu ya Comala ni kwamba wafu wanasema na hapana mtu aliyebaki wa kuwajibu. Wanasema wao kwa wao, chini ya udongo, kama wagonjwa wanaogeuka-geuka kitandani. Mbele ya kuchagua jina la Pedro Páramo, Rulfo alikuwa amefikiria kukiita kitabu Minong'ono.

Juu ya nini hawatulii? Hapa njo penye maana yote, kwa mawazo yangu. Tazama jinsi watu wa mji huu walivyosindikizwa.

Miguel, mtoto wa Pedro Páramo, anakufa kwa kuanguka na farasi. Kijana huyu alimwua ndugu wa padri na kumwaibisha binti wa ndugu huyo. Padri Rentería anakataa kwanza kumbariki, kisha anampa maiti baraka. Pedro Páramo anapita mbele na kuweka vipande vya dhahabu. Padri anavichukua, na analia peke yake. Eduviges, yule mama mwema aliyempokea Juan, alijiua. Dada yake anakwenda kwa padri yule yule kumwombea marehemu. Kuna njia, padri anamwambia, kuna misa nyingi za kusoma, lakini zinataka makuta. Dada hana. Basi mmoja baraka yake ililipiwa, mwingine ilimshinda bei, na wote wawili wanazunguka. Rulfo hamchafui padri huyu. Anamwonyesha akienda kuungama kwa padri wa mji mwingine na kunyimwa maondoleo, na mtu unamhurumia. Lakini hesabu imebaki pale pale.

Kisha kuna kifo cha Susana San Juan. Huyu Pedro Páramo alimpenda tangu utoto, alimngojea miaka makumi, na alipompata mama huyu alikuwa amekwisha kutoka katika akili za dunia hii. Anakufa. Asubuhi ya tarehe 8 Desemba kengele zinaanza kulia, zote kwa pamoja, siku moja, mbili, tatu, mpaka watu hawasikilizani. Wanaosikia mbali wanafikiri ni sikukuu. Wanakuja. Wanakuja wanamuziki, inakuja sarakasi, wanakuja wauzaji, na polepole kilio kinageuka feti. Kengele zinanyamaza, feti inaendelea. Na mle ndani ya nyumba kubwa Pedro Páramo amekaa na maiti wake, anasikia ngoma. Anaapa kukunja mikono na kuacha Comala ife kwa njaa. Mashamba yote ni yake. Anakunja mikono kweli, na mji unakufa.

Nimesoma kurasa hizo chache mara nyingi kuliko zingine zote, na kila mara nawaza juu ya sisi. Ni nani kati yetu hajakaa katika kilio ambamo vyombo vya muziki vinapiga mpaka asubuhi, vijana wanacheza, vitenge vya namna moja vimeshonwa, bia inapita, na mjane huko ndani ya nyumba anauliza ni siku gani? Tunasema ni mila. Wazee walikuwa na ngoma za kilio, ni kweli, na pombe ilikuwako. Lakini ngoma ile ilikuwa na kazi: ilitaja mtu. Walokele wa upande wa Kisangani, kwa ngoma yao ya mti, walipeleka habari ya kifo kutoka kijiji mpaka kijiji, na ngoma ilieleza ni nani amekufa na ni mtoto wa nani, kwa maneno marefu ili mtu asikosee. Aliyesikia alijua anakwenda kulia nani. Kengele za Comala zina sauti kubwa kuliko ngoma ile na hazina jina hata moja. Ndiyo maana siwezi kuwahukumu sana wale waliokuja kucheza. Nani aliwaambia?

Kuna wasomaji wanaosema Pedro Páramo alikuwa na haki ya kukasirika. Tulibishana juu ya hilo kwa muda mrefu, wazee wawili na mimi, mbele ya mlango wangu. Mmoja alisema: "Ukicheza mbele ya maiti yangu, mimi pia nitakufungia mlango." Uchungu wake nauelewa. Lakini Pedro Páramo ni mtu gani wa kudai heshima ya kilio? Alimwoa Dolores ili kufuta madeni aliyokuwa nayo kwa familia yake, kisha akamwacha aende. Alimnyongesha Toribio ili kupata shamba. Kuna nyumba ngapi katika Comala ambamo watu walilia kwa sababu yake, naye hakusimama hata siku moja mlangoni kusema pole? Anataka mji wote ulie maiti mmoja, yeye ambaye hakulia na mtu. Katika vilio vingi vya kwetu, mbele ya watu kutawanyika, msemaji wa familia anasimama na kuuliza: nani anadai marehemu, nani anadaiwa naye? Neno hilo dogo, ambalo siku hizi tunalipitisha mbio ili turudi kwenye viti, lingetosha kuponya nusu ya Comala. Hakuna aliyeliuliza. Kwa hiyo deni likapitia kwa mtoto, akalichukua kwa miguu mpaka kule.

Na Abundio yule wa punda? Mke wake anakufa, na hana kitu cha kumzika. Anakunywa, kisha anakwenda mpaka kwa mzee tajiri, ambaye ni baba yake ingawa hakumtambua, kuomba msaada wa mazishi. Sisemi kinachofuata, nimekwisha kufunua mingi. Nasema tu kwamba anayepiga hodi ili apate sanduku la mke wake ndiye anayefunga hesabu ya mji ule.

Rulfo alijua anachoandika. Alizaliwa mwaka wa 1917 katika jimbo la Jalisco. Baba yake aliuawa mwaka wa 1923, mama akafa mwaka wa 1927, katikati ya vita ya Cristeros iliyoanza mwaka wa 1926 na kuwaacha watu wa upande ule bila misa na bila padri. Yeye akalelewa katika nyumba ya mayatima huko Guadalajara. Kisha riwaya hii hakutoa nyingine kubwa kama hiyo, mpaka alipokufa mwaka wa 1986. Mwaka wa 2024 kitabu kilitengenezwa filamu na Rodrigo Prieto. Lakini soma kwanza: picha zinakuonyesha mji, na kitabu hiki kinataka uusikie.

Neno moja la mwisho kwa wale watakaokisoma mara ya pili. Katikati ya kitabu utajua Juan Preciado yuko wapi anapotusimulia safari yake, na nani amelala karibu naye akimsikiliza. Nilipofika hapo nilirudi mbio kwenye ukurasa wa kwanza kutafuta kama alitudanganya. Hakutudanganya. Anapotaja safari yake ya Comala, kitenzi cha kwanza kabisa anachotumia ni cha kuja. Si cha kwenda.