Kabla Mashine Haijasoma

Kwersetini ni unga wa manjano, flavonoidi iliyojaa kwenye vitunguu maji, hasa tabaka za nje. Kwenye maji haiyeyuki vizuri, kwa hiyo fundi sanifu wa maabara huiyeyusha kwanza kwa DMSO, kisha huizimua mpaka DMSO hiyo isizidi sehemu moja kwa elfu. Visima vya kulinganishia navyo huvitilia DMSO kiasi kilekile, bila kwersetini. Asipofanya hivyo, hatajua kilichotenda kazi ni kipi.

Seli zake ni makrofaji za panya, aina ya RAW 264.7, zinazofugwa kwenye kabati la nyuzi 37 lenye kaboni dioksidi asilimia 5. Kila mara huanza kwa kuzikagua kwa darubini. Zilizo za duara zinafaa. Zilizotanuka na kutoa vijimiguu zimeshachokozeka kabla ya wakati, na hizo hazitumii, hata kama kazi itaahirishwa.

Hutanguliza kwersetini, akasubiri, ndipo akatia LPS, molekuli itokayo kwenye ganda la bakteria. Makrofaji zikiigundua hujiona zimevamiwa. Protini ya NF-κB, iliyokuwa imezuiliwa nje ya kiini, hufunguliwa, ikaingia ndani na kuamsha jeni za uvimbe: TNF, IL-6 na nyinginezo. Kwersetini hupunguza mwendo huo, na nakala za RNA za jeni hizo hupungua. Kilichobaki ni kuzihesabu, na hapo ndipo mkono wa fundi unapojulikana.

RNA huharibika upesi, na vidole vyetu vina vimeng'enya vya kuimaliza, kwa hiyo glavu hubadilishwa bila ubahili. Seli huvunjwa kwa kimiminika cha waridi chenye fenoli, hutiwa klorofomu, hutikiswa, kisha huzungushwa kwa kasi kwenye baridi. Zinatokea tabaka tatu: waridi chini, utando mweupe katikati, na juu maji maangavu yenye RNA. Fundi huinamisha kichupa, akafyonza maji ya juu taratibu, na kuacha kidogo makusudi juu ya ule utando. Mwanagenzi hutamani kumaliza yote, akavuta na uchafu.

Baada ya isopropanoli, RNA hutuama kama doa ambalo mara nyingi halionekani. Fundi hahangaiki kulitafuta: alikwisha kuvipanga vichupa kwenye mashine bawaba zikitazama nje, kwa hiyo doa liko upande wa bawaba. Huliosha kwa ethanoli ya asilimia 75 bila kuligusa, akaliacha likauke, lakini si kupita kiasi, maana likikauka mno halitayeyuka.

Mashine ya PCR hufanya yaliyobaki kwa mizunguko 40. TNF ikichelewa mizunguko miwili kuonekana, huku jeni ya kulinganishia ikibaki palepale, nakala zake zilikuwa kama robo.

Ila seli iliyokufa nayo hainakili jeni. Ndiyo maana fundi ana sahani nyingine ya MTT, rangi ya manjano ambayo seli hai huigeuza zambarau. Na kwa kuwa kwersetini yenyewe inaweza kuigeuza rangi hiyo pasipo seli yoyote, ametenga visima vyenye kwersetini na MTT tu. Zambarau itakayotokea humo ataitoa kwenye hesabu.