Kiraka cha kombora: rangi inavyoshika Kisangani

Kati ya tarehe 5 na 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya Kisangani, mji wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Makombora zaidi ya 6,000 yaliuangukia mji, na Umoja wa Mataifa ukakadiria kuwa raia zaidi ya 760 waliuawa na nyumba zaidi ya 4,000 ziliharibiwa. Kwa fundi rangi, ukuta uliotobolewa na kuzibwa ni mgumu kuliko nyumba mpya.

Ukuta huo una umri wa aina mbili. Plasta ya zamani imeshatulia, lakini kiraka cha saruji bado kina maji na ukali wa alkali, pH 12 hadi 13. Ukikipaka rangi ya mafuta mapema, alkali huyala mafuta na kuyageuza sabuni. Rangi hunata, kisha hubanduka. Ukikipaka rangi ya maji bila kupiga praima ukuta mzima, kiraka hunywa rangi kwa namna yake. Hata ndoo ikiwa moja, jua la jioni likipiga ubavuni duara la kombora huonekana.

Kawaida plasta husubiriwa siku 28. Kisangani iko karibu kabisa na Ikweta, mvua hunyesha kila mwezi, kwa hiyo kalenda peke yake haitoshi. Bandika kipande cha nailoni ukutani, ziba kingo zote, ukiache usiku kucha. Asubuhi ukikuta matone kwa ndani, weka brashi chini.

Kwa kuta kuukuu zinazonyonya maji kutoka ardhini, mimi naichagua chokaa. Hukauka kwa kuvuta hewa ya kaboni na kurudi kuwa jiwe, na huacha unyevu upite. Rangi ya plastiki huuzuia, ikafanya malengelenge.

Kwa kazi hii ya subira naziamini familia za mafundi. Kijana huanza kwa kukwangua na kupiga msasa, brashi hukabidhiwa baadaye. Na familia inayoishi mtaa uleule itapita mbele ya ukuta huo kila siku, mteja akiwa mlangoni.

Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda iilipe Kongo fidia ya dola milioni 325 kwa vita vyake huko, milioni 40 kati ya hizo zikiwa za uharibifu wa mali. Anayekadiria fidia ya nyumba ahesabu plasta, praima na ujira wa wiki za kusubiri, asiishie kwenye ndoo za rangi.