Tribuni: Jukwaa, Cheo au Kazi?

Neno "tribuni" hutumiwa sana bila kuchambuliwa. Baadhi yetu hulichukua kuwa jukwaa la kuhutubia, au jina la gazeti, au cheo cha kijeshi cha Roma ya kale. Maana zote hizo zipo. Lakini Lenin, katika kitabu chake cha Nini Kifanyike? cha mwaka 1902, alikusudia mtetezi wa umma. Alimtofautisha na katibu wa chama cha wafanyakazi ashughulikiaye mambo ya kiwandani tu. Tribuni hufichua kila aina ya uonevu, hata uwe umelipata tabaka gani. Kwa hiyo tunaona kwamba kulitafsiri neno hili "msemaji" ni kosa la kiitikadi, wala si la lugha peke yake.

Kwa mapokeo ya Warumi, mwaka 494 K.K. makabwela waliosongwa na madeni waliuhama mji. Makabaila wakalazimika kukubali kuwapo kwa matribuni, watetezi wa makabwela wenye haki ya kuzuia amri za watawala. Ngao yao haikuwa jeshi. Ilikuwa kiapo cha makabwela kwamba atakayewadhuru atauawa.

Je, cheo kilitosha? Hata kidogo. Mwaka 133 K.K. tribuni Tiberius Gracchus alitaka ardhi ya umma iliyohodhiwa kupita kiasi wagawiwe maskini. Aliyemzuia alikuwa tribuni mwenzake, Marcus Octavius, kwa kutumia haki ileile iliyopatikana kwa ajili ya makabwela! Umma ukamwondoa Octavius kwa kura, na sheria ikapita. Lakini mwaka huohuo Gracchus aliuawa na wajumbe wa Senati na wafuasi wao. Mwandishi wa kale Appian aeleza kwamba wakulima waliomuunga mkono walikuwa mavunoni. Umma ulikuwa na mtetezi, lakini haukuwa na chombo chake cha kudumu.

Mwaka 23 K.K. Augustus alipewa mamlaka ya tribuni maisha yake yote, bila kuwa tribuni. Silaha ya wanyonge ikawa joho la mtawala mmoja.

Hili ndilo funzo kwa kada. Octavius na Gracchus walikuwa na cheo kimoja, lakini walitumikia matabaka mawili. Basi tunapomwita mtu tribuni, tusiulize amepanda jukwaa gani. Tuulize: amezuia dhuluma gani, kwa faida ya nani, na waliomchagua wana uwezo wa kumwondoa?