Mlonge Haukuota Jana

Kila mwaka, ifikapo mwezi wa kumi hivi, Whole Foods Market, maduka makubwa ya vyakula yenye makao yake Austin, Marekani, hutoa orodha ya vyakula ambavyo eti vitatamba mwaka unaofuata. Magazeti huidaka, waandishi wa mapishi huinukuu, na kabla Januari haijaingia wote wanaimba wimbo mmoja. Katika orodha ya mwaka 2022 vilikuwamo vitu vitatu tunavyovijua tangu utotoni: manjano, rosela na mlonge. Habari ya mlonge ilinichekesha, kisha ikanikera. Eti wakati wake umewadia! Jamani, tangu lini mlonge ukangoja kuitwa?

Hebu tuihakiki orodha hiyo kama tunavyohakiki riwaya. Swali la kwanza: nani anasimulia? Hapa msimulizi ni mwenye duka. Mtu anayetabiri mvua huku stoo yake imejaa miavuli si mtabiri, ni muuzaji. Sisemi kwamba anadanganya. Kitu anachokipanga mbele kwenye rafu huenda kweli kikanunuliwa. Lakini utabiri wa namna hiyo hujitimiza wenyewe, na mwandishi anayeunakili anafanya kazi ya tangazo bila hata kulipwa.

Swali la pili: wahusika wako wapi? Katika orodha hizi ni nadra kumwona mtu anayekula. Kuna unga, kuna virutubishi, basi. Mlonge tunaoujua sisi, ambao wengine huuita mzunze, una mikono ya watu. Mama anachuma majani apike mboga. Mzee anatafuna mbegu zake chungu kama dawa. Zipo nyumba zinazozitwanga mbegu hizohizo ili kutuliza maji ya tope yawe meupe. Hadithi yote hiyo imebaki nje, na sisi ndio tuliopaswa kuiandika.

Najua mtaniambia: “Wewe unaringa tu. Mhariri anataka jambo jipya, asipolipata kwako atalipata kwa mwenzio.” Hoja hiyo ina uzito. Tena chakula kikivuma, mkulima naye hupata soko.

Basi tutazame kinoa, nafaka ya milima ya Andes kule Amerika ya Kusini. Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2013 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Kinoa. Kufikia hapo bei ilikuwa imepanda karibu mara tatu ya ilivyokuwa 2006. Waandishi wa Ulaya na Marekani walianza kwa kuisifu. Kisha, mwaka huohuo wa 2013, baadhi yao wakageuza kibao, wakalia kwamba tamaa ya matajiri inawanyima maskini wa Bolivia na Peru chakula chao. Wanauchumi walipokuja kupitia hesabu za kaya za Peru, walikuta bei ya juu haikuwadhuru watu wa huko kwa jumla, iliwafaa kidogo. Maumivu ya mkulima yalikuja baada ya 2014, mashamba yalipokuwa yameongezeka na bei ikaporomoka. Lakini nani alikuwa bado yuko naye? Waliosifu na waliolia, wengi wao walikwishahamia chakula kingine.

Hapo ndipo penye ubaya wenyewe. Mwandishi anayekuja na uvumi huondoka nao, na mkulima haondoki.

Upo mfano wa njia nyingine. Mwaka 1950, Uingereza ikiwa bado katika mgao wa chakula ulioletwa na vita (mgao huo uliisha 1954), Elizabeth David alitoa kitabu chake A Book of Mediterranean Food. Humo alizungumzia mafuta ya zeituni, malimau na vitunguu saumu kwa wasomaji ambao wengi wao hawakujua hata pa kuvipata. Mtabiri gani wa biashara angethubutu? Lakini huyu mama alikuwa ameishi Ufaransa, Ugiriki na Misri, akaandika alichokionja na kukitamani. Taratibu jiko la Mwingereza likabadilika. Mwandishi alitangulia, duka likafuata.

Je, tuzitupe hizo orodha? La, tuzisome. Mwandishi asiyejua soko linataka nini atashindwa kumweleza mkulima kwa nini mnunuzi kaja na kwa nini kaondoka. Ila tuzisome kama tunavyosoma tangazo, tukimtazama anayesema na anachouza. Zisiwe kalenda yetu ya kazi.

Ukiuona mlonge kwenye orodha, mwenzangu, usiandike kwamba umefika. Andika ulikokuwa. Andika nani anauchuma, anauanika wapi, kilo anaiuza bei gani na dukani inauzwa ngapi. Halafu mwaka wa tatu, orodha ikiwa imekwisha kumsahau, mrudie yule mchumaji umuulize tena bei. Makala hiyo ya pili hakuna duka litakalokuagiza uiandike, na kwangu mimi hiyo ndiyo inayomtenga mwandishi wa chakula na mpiga debe. Anayeona vingine ashike kalamu, tujibizane.