Meza ya Mapadre wa Bagamoyo

Msafiri atokaye Saadani kwa njia ya pwani, akiisha kuwasili Bagamoyo na kupita chini ya miembe ya Misheni, huwa amekanyaga ardhi ambapo mapadre Wafaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu, walioanza makazi yao mwaka 1868 wakiongozwa na Padre Antoine Horner, walimkirimu mwandishi wa habari Stanley mwaka 1871 kwa karamu ya jioni ambayo mwenyewe aliilinganisha na ya hoteli kubwa za Paris, tena kwa shampeni.

Mtu angeweza kununa kwamba fedha za sadaka kutoka Ufaransa zilikusudiwa kuwakomboa watumwa na kuwalea yatima, si kushibisha wapita njia. Lakini mgeni yule, alipoandika kitabu chake, aliieneza sifa ya Misheni hiyo ulimwenguni. Mimi heko zangu nampa mpishi, ambaye hakutajwa jina: namwona, joto la kaskazi likimtiririsha jasho, ameinamia sufuria, akionja mchuzi wa kigeni kwa ncha ya upawa, kisha, nadhani, akiongeza ndimu kwa siri.