Waraka wa Jumatatu

Miongoni mwa maandishi yote ya shuleni, lisilopata mhakiki hata mmoja ni lile tangazo la wiki ambalo mwalimu mkuu huwaandikia walimu wake. Watu huhakiki riwaya na mashairi. Waraka huu husomwa, hutiwa sahihi, basi. Walakini una nguvu kuliko vitabu vingi, maana wasomaji wake hawana hiari ya kuufunga.

Zamani ulikuwa daftari. Mwanafunzi alilipeleka darasa hadi darasa, mwalimu akasoma, akatia sahihi, akarudi ubaoni. Siku hizi katika shule nyingi huja kwa simu, katika kundi la WhatsApp, pengine usiku watu wamelala. Chombo kimebadilika, lugha ni ile ile. Mnakumbushwa. Mnatakiwa. Atakayeshindwa atatoa maelezo kwa maandishi.

Ninao mmoja hapa mezani, wa shule moja ya msingi ambayo sina haja ya kuitaja. Una vipengele 14. Tisa ni amri: maazimio ya kazi yafike ofisini, maandalio ya somo yakaguliwe, mwalimu wa zamu awahi. Vitatu vinahusu wageni kutoka wilayani na chai yao. Kimoja ni mchango wa msiba. Cha mwisho kina mstari mmoja tu: watoto wa darasa la tatu wasiojua kusoma waorodheshwe.

Simlaumu mwandishi kwa ukali. Shule bila utaratibu ni soko. Ninachokikosoa ni mpangilio, kwa sababu mtu huonyesha anachokithamini kwa mahali anapokiweka. Hapa mtoto asiyejua kusoma amewekwa nyuma ya chai ya mgeni. Aidha, kitenzi chenyewe kimekosa mwenyewe. Waorodheshwe na nani? Wakishaorodheshwa, nani atawafundisha, saa ngapi, kwa vitabu gani? Mwalimu mwenye watoto 80 darasani akiusoma mstari huo ataleta orodha, nayo itakaa kabatini. Mtoto atapanda darasa la nne vile vile alivyo.

Yafaa tuwe waadilifu. Mwalimu mkuu naye ni mpokea nyaraka. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada na michango ya lazima, na Januari 2016 watoto wakafurika madarasani. Lilikuwa jambo jema, lakini walimu hawakuongezeka kwa kasi hiyo. Anayebanwa kutoka juu huandika kama anavyoandikiwa.

Hata hivyo, sisi watu wa Tabora tunao mfano wa karibu. Kabla reli haijafika hapa mwaka 1912, wapagazi wa Kinyamwezi walikwenda kwa miguu kati ya Unyanyembe na pwani, na wengine kuelekea Ujiji. Msafara uliongozwa na kirangozi. Huyu hakukaa nyuma akihesabu waliochelewa. Alitangulia, wenziwe wakamfuata. Mpagazi alihitaji kujua mambo machache: tunakwenda wapi, maji yako wapi, tutalala wapi. Mwalimu naye Jumatatu asubuhi anahitaji yayo hayo.

Mwalimu Nyerere, aliyesoma Tabora na kufundisha St. Mary's kabla ya kwenda Edinburgh mwaka 1949, aliandika kijitabu Tujisahihishe mwaka 1962. Jina lake peke yake latosha kuwa somo: kiambishi ni "tu", si "m". Anayesahihisha yumo ndani ya wanaosahihishwa.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mfupi. Waraka uanze na watoto. Kila kazi iwe na mtu na siku yake. Mwalimu mwenye kosa aitwe ofisini, asitajwe mbele ya wenzake. Na chini ibaki nafasi ambayo mwalimu ataandika jibu, si sahihi tu. Waraka usiojibika hauwezi kumwambia mwalimu mkuu kwamba darasa la tatu hawajui kusoma mpaka mgeni wa wilayani atakapoligundua jambo hilo mwenyewe.